Faili la .deb linakataa kuingia kwenye Ubuntu

Mgeni wa Wete
Assalaam aleikum. Nimenunua laptopu iliyotumika pale Darajani, ikiwa na mfumo wa Ubuntu 24.04, nami miaka yote nimezoea Windows. Nahitaji Audacity ili nirekodi kasida za watoto wa madrasa. Faili la .exe halikufunguka, rafiki akanipa la .deb, aina ya faili za kuwekea programu kwenye Ubuntu, ndani ya flashi, nikaandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) sudo dpkg -i pamoja na jina la faili, nikajibiwa kwa mistari mingi kwamba programu nyingine zinazohitajika hazipo. Tena nikiulizwa neno la siri, kibodi hukaa kama imekufa, hata nukta moja haitokezi. Nakosea wapi?

Fundi wa Mlandege
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kibodi ni nzima: terminali hulificha neno la siri ili aliyekaa pembeni asijue hata lina herufi ngapi, kwa hiyo andika tu kisha bonyeza Enter. Faili la .exe limetengenezewa Windows, liache. Ama hilo la .deb, dpkg hufungua kifurushi (faili lenye programu) ulichokipa, basi, wala haiendi kutafuta vile ambavyo kifurushi hicho kinavitegemea. Anayevitafuta katika hazina ya Ubuntu ni apt. Anza na sudo apt --fix-broken install, usome inachotaka kufanya kabla ya kukubali, kwa kuwa mara nyingine huamua kuiondoa kabisa programu iliyokwama. Halafu sudo apt update, inayoleta orodha mpya ya vifurushi (si vya simu, ingawa navyo utavihitaji), ndipo sudo apt install audacity. La flashi mimi nisingelirudia, maana hatujui limetoka wapi wala ni la toleo gani.

Mwalimu wa Chake
Naongeza kwamba apt hutaja ukubwa wa itakachopakua kabla haijaanza, kwa hiyo mwenye bando dogo ana nafasi ya kujibu n (hapana) na kungoja. Ukiambiwa kufuli (lock), linalozuia shughuli mbili zisiweke programu kwa pamoja, limeshikwa na shughuli nyingine, usizime kompyuta. Aghlabu ni masasisho ya usalama yanayojiweka yenyewe, nayo humaliza.

Mgeni wa Wete
Nashukuruni. Amri ya kwanza ilitaka kuiondoa Audacity ya flashi, nikakubali. Ya tatu ikaileta upya, na imefunguka. Sasa maikrofoni inanasa feni kuliko watoto, lakini hilo nitalifungulia mada yake.