Projekti zetu zinafungiwa kabatini, halafu mnauliza kwa nini nchi haina programu zake!

Wakuu, habari zenu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini ahamie jukwaa la mahusiano.

Niko mwaka wa mwisho, sayansi ya kompyuta. Chuo sikitaji kwa sababu cheti bado hawajanipa. Projekti yangu ya kumalizia shahada ni mfumo wa kupanga ratiba, maana hapa kwetu kila muhula madarasa mawili yanapangiwa ukumbi mmoja saa moja asubuhi, na wanaochelewa wanasikilizia dirishani. Kabla sijaanza nikajiuliza: hivi hakuna aliyewahi kulishughulikia hili kabla yangu? Nikaenda idarani kuuliza.

Kumbe wapo, tena wengi. Kuna kabati la chuma, lina kufuli, na ufunguo anao mama wa masijala ambaye Ijumaa huwa hayupo. Ndani zimepangwa ripoti za jalada gumu la bluu, maandishi ya dhahabu, mwaka hadi mwaka. Mfumo wa ratiba. Mfumo wa ratiba ulioboreshwa. Mfumo wa kielektroniki wa ratiba. Kila mmoja umeanzia sifuri, kila mmoja una sura ya pili inayodai kwamba mifumo iliyopo haitoshelezi, na hakuna hata mmoja uliowataja wenzake wa kabati hilohilo. Nyuma ya kila ripoti kuna CD ndani ya kibahasha. CD, zama hizi! Nikahangaika kutafuta kompyuta inayosoma CD, nikaipata kwa fundi wa stesheneri nje ya geti. Tukafungua moja. Ndani kuna ripoti ileile, kwa Word. Msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu (source code), haumo.

Yaani mtu amepiga msuli mwaka mzima, ametetea kazi yake mbele ya jopo, amepata A, na kilichobaki duniani ni karatasi.

Basi nikasema yangu haitaishia humo. Nikamfuata msimamizi wangu, nikamwomba ruhusa niuweke msimbo hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikiana misimbo, tangu siku ya kwanza, ukiwa na leseni ya kuwaruhusu wengine kuutumia, ili dogo wa mwaka kesho aanzie nitakapoishia.

"Kijana, hiyo ni mali ya chuo. Halafu wazo lako wataliiba."

"Dokta, wazo la ratiba?"

"Hujui watu wewe."

Mazungumzo yakaishia hapo. Barua niliyomwandikia mkuu wa idara haijajibiwa mpaka leo.

Sasa tuambizane ukweli. Mfumo wangu unakaa kwenye seva inayoendeshwa na mfumo endeshi wa Linux. Umeandikwa kwa lugha ya PHP, juu ya kiunzi cha Laravel. Data ziko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Mwonekano ni Bootstrap. Git ninayotunzia matoleo ya msimbo ni huria pia, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Ondoa vyote hivyo, vilivyoandikwa na watu wasionijua wala kunidai senti, kinachobaki ni majina ya kumbi za mihadhara. Hicho ndicho tunachokipigia kufuli?

Na hiyo hofu ya kuibiwa wazo haina hata pa kusimama. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda kazi iliyoandikwa, na sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta. Ukiweka leseni huria hujatupa haki yako. Leseni yenyewe inasimama juu ya hakimiliki ya mwandishi. Hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kusema chukueni, ila kwa masharti haya. Mtu anayefundisha kompyuta kama halijui hili, anasimamia nini?

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, miaka 21, hana kampuni wala mfadhili. Akaandika kwenye kikundi cha majadiliano kwamba anatengeneza mfumo endeshi, wa kujifurahisha tu, hautakuwa jambo kubwa. Kisha akaweka msimbo watu wauone na waukosoe. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya simu ya Android unayosomea uzi huu, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za ile orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani zinaendeshwa nacho. Angesoma hapa kwetu angepewa jalada la bluu na kupeana mkono na mkuu wa idara.

Ila inayoniuma zaidi ni VLC, ile programu ya kuchezea video. Mtanzania gani haijui ile koni ya rangi ya chungwa? Ndiyo tunayotazamia muvi za kwenye flashi mabwenini. Ilianza mwaka 1996 kama projekti ya wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Msimbo ulikuwa mali ya chuo, hivyohivyo wanavyotuambia huku. Mwaka 2001 uongozi wa chuo ukaridhia utoke kwa GPL, leseni huria inayotaka anayeusambaza auache wazi vilevile. Hawakujenga jengo la ubunifu wala kuita waandishi wa habari kukata utepe. Waliridhia tu! Ukarimu wa saini moja, na wachangiaji wakaja kutoka kila pembe ya dunia.

Wanafunzi wenzangu msicheke, zamu yenu imefika.

Leseni ya MIT, ambayo vitu vingi tunavyopakua vinaitumia, inaomba jambo moja: liache jina la mwandishi na maneno ya leseni pale ulipoyakuta. Baada ya hapo tumia, badilisha, hata uza. Nimeona kundi zima linakesha usiku wa kuamkia uwasilishaji, bando la usiku limejaa, pizza ya kuchangishana iko mezani, na kazi yao ni moja: kufuta majina ya wenyewe juu ya kila faili na kuweka namba zao za usajili. Walipitia mafaili yote wakasahau maelezo ya ndani, yakabaki Kireno. Jopo halikuona. Jopo liliuliza kwa nini vitufe ni vya kijani.

Na msidhani ni uvivu peke yake. Mwenzetu mmoja aliandika waziwazi kwamba amejenga juu ya mradi fulani wa huria, akaonyesha alichoongeza, mstari kwa mstari, akaeleza hata kasoro alizozikuta na namna alivyozirekebisha. Akaambiwa hii si kazi yako, akapewa C. Waliofuta majina walipata B+. Sasa wewe dogo wa mwaka wa pili unayeangalia hayo, utajifunza nini? Utajifunza kudesa kwa ustadi. Mwongozo wa idara unadai kazi iwe halisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba kuna mhandisi popote duniani anayeandika kila kitu peke yake. Kazini ukiingia jambo la kwanza unalokuta ni msimbo wa mtu mwingine, na shuleni ndilo lililokuwa kosa.

Wakubwa nao wana yao. Mfumo wetu wa masomo mtandaoni tuliambiwa umebuniwa na wataalamu wa ndani, mzabuni akalipwa. Bonyeza uone chanzo cha ukurasa: neno Moodle limejaa kama siafu. Moodle ni mfumo huria wa kufundishia mtandaoni, leseni yake ni GPL, na kuiuza huduma yake si dhambi hata kidogo; mtu akikusakinishia, akakufundisha na kukutunzia, mlipe. Ninachokasirikia ni jina kufichwa. Tena GPL inasema anayekukabidhi nakala ya programu anapaswa kukupa na msimbo wake, kwa masharti yaleyale. Kwa hiyo chuo kina haki ya kumdai mzabuni marekebisho yote aliyoyafanya, na sisi wanafunzi tungeyatumia kujifunza. Nani amedai? Hakuna, kwa sababu walioweka saini hawajui walichonunua. Kitufe cha kukusanya kazi kikikwama usiku wa mwisho tunaandikiwa "mzabuni anashughulikia", na kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye angekirekebisha kabla ya alfajiri.

Hakathoni, yale mashindano ya kutengeneza programu kwa siku chache, sizizungumzii sana, nitapandisha presha bure. Siku mbili, fulana, soda, picha na mgeni rasmi, washindi wanapewa hundi ya boksi, na Jumatatu hakuna anayeweza kukuonyesha msimbo ulikolala. Wasifu wao mtandaoni unasoma "mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji". Mkurugenzi wa nini, kaka? Hata Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu wachangie miradi huria, ambayo ilikuwa njia nzuri ya kumtoa mtu woga wa kuchangia, mwaka 2020 watu duniani kote waliivamia kwa kutuma mabadiliko ya kipuuzi ili wapate fulana, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni kwamba mradi usiojiandikisha hauhesabiwi.

Halafu kuna wale wa "programu huria si salama, kila mtu anaona ndani". Nimeisikia hii darasani kutoka kwa mtu mwenye shahada ya uzamivu. Sawa, tuzungumzie xz, maana najua ndiyo mtakayonirushia. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko karibu kila mahali penye Linux, na kwa miaka mingi ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Akachoka. Akajitokeza mchangiaji anayejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, huku majina mengine yakimsumbua mwenye mradi kwamba anachelewesha mambo, agawe madaraka. Akagawa. Mapema 2024 mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu, ukapandikizwa. Aliyeugundua, Machi mwaka huo, ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine yake kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na akakataa kulipuuza. Akaweza kufukua mpaka chini kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Ingekuwa programu iliyofungwa angelalamika kwa huduma kwa wateja na kuambiwa azime awashe.

Lakini simalizii hapo kwa kushangilia, maana nusu ya pili ya kisa hicho inatuhusu sisi. Yule mtunzaji aliachwa peke yake na mamilioni waliokuwa wakitumia kazi yake. Na sisi tumo. Kila seva ya benki hapa mjini, kila kampuni ya simu, inakula kutoka kwenye sahani za watu wa namna hiyo. Tunachorudisha ni nini?

Na msiniambie Mwafrika hawezi. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi, msimbo ukawekwa wazi, na mwaka 2010 ikatumika kwenye tetemeko la Haiti. Hapa Dar, kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) pamoja na wakazi wa mitaa waliingia mitaroni na vichochoroni chini ya mradi wa Ramani Huria, wakachora nyumba, njia na mifereji kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kwa ajili ya kukabili mafuriko. Ukiifungua leo iko pale, hailindwi na mama wa masijala. DHIS2, programu huria inayokusanya takwimu za vituo vyetu vya afya inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa UDSM wamo kwenye mtandao wa waijengao. Uwezo upo. Unakutana na kufuli.

NYONGEZA: Naona majibu yameshaanza.

Mkuu uliyeniuliza "vikiwa bure tutakula nini": huria si sadaka. Kampuni ya Red Hat iliuza huduma juu ya Linux mpaka IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Kula utakula, ukiwa na cha kumwonyesha mwajiri. Sasa hivi mhitimu anakwenda kwenye usaili na GPA, akiulizwa kazi zake ziko wapi anasema ziko idarani.

Dada uliyesema niiweke tu kimyakimya, nashukuru, lakini kanuni za mitihani nimezisoma na sina hamu ya kudisco, yaani kufukuzwa chuo, muhula wa mwisho. Tena yangu peke yake haitasaidia kitu. Nataka idara iandike kanuni, kila projekti iwekwe hadharani ikiwa na leseni aliyoichagua mwanafunzi, na alama zitolewe kwa kuendeleza kazi ya aliyetangulia.

Na wewe uliyenifuata PM (ujumbe binafsi) kuniuzia mfumo wa ratiba kamili pamoja na ripoti yake, laki mbili na nusu, maelewano yapo: picha ulizonitumia zina nembo ya idara yetu. Kumbe kufuli ni la wanafunzi tu.

Wahitimu mliomo humu, kama laptopu yako ya chuo bado inawaka, toa ule msimbo, hata kama ni mchafu, hata kama umeandika nywila ya hifadhidata ndani yake (ifute kwanza, tafadhali). Weka MIT au GPL, andika maelezo ya kusakinisha kwa Kiswahili, kisha bandika kiungo hapa chini. Za ratiba nitazipitia mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine.