Shangazi ameacha makopo matatu ya mawe, dalali anayataka yote

BintiWaLikoni
Salaam aleikum. Shangazi yangu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita. Tangu nipate akili namjua akipanda gari la Voi pale Mwembe Tayari alfajiri, arudi usiku na mawe ya vito kwenye kibeti. Mengine aliuza, mengine hakutaka hata yaguswe. Tumefungua kabati lake tukakuta makopo matatu ya Kimbo, kila jiwe limeviringishwa pamba na kubandikwa plasta yenye nambari. Dalali mmoja amekuja, anataka yote kwa bei moja, na anasema vile vito vya kijani tuvibandue kwanza kwa nyundo kutoka kwenye mwamba wake, kwani mwamba ni uchafu tu. Kaka zangu wamekubali. Mimi roho inasita. Nifanyeje?

Kongowea77
Pole kwa msiba. Mawe hayaliwi dadangu, uzeni, ila msimuonyeshe dalali mmoja tu. Wapelekeeni watatu mlinganishe bei.

MamaVito
Mwanangu, pole sana. Nyundo iwekwe chini leo hii.

Nina miaka 23 nanunua na kuuza mawe. Pitisha kidole kwenye huo mwamba. Kikitoka cheusi kama umeshika ncha ya penseli, hiyo ni grafiti, na tsavoraiti, kito cha kijani, hupenda kukaa humo. Si uthibitisho, lakini ni dalili njema. Ndilo jiwe ambalo mwanajiolojia Campbell Bridges alilikuta Tanzania mwaka 1967, kisha huku kwetu Taita mwanzoni mwa miaka ya 70, na 1974 wauza vito Tiffany wa New York wakalitangaza kwa jina la Tsavo.

Dalali anahesabu karati, tano kwa gramu moja, na mkataji akimaliza kazi zaidi ya nusu ya jiwe imekuwa vumbi. Mkusanyaji hataki hivyo. Anataka fuwele ilivyozaliwa, imekaa kwenye mwamba wake na pembe zake zote. Ukishaibandua hakuna gundi ya kuirudisha.

Nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na kipande kimoja, fuwele ya kijani kiasi cha punje ya mahindi kwenye jiwe jeusi. Kodi ya nyumba ikanibana, nikaibandua mwenyewe kwa patasi. Ikapasuka vipande vitatu. Nikapata kodi ya mwezi mmoja. Mpaka leo nikifumba macho naiona ilivyokuwa nzima.

Na shangazi yako usimchukulie mwepesi. Nilipoanza kwenda Mwatate, wachimbaji walinikataza kusogelea mdomo wa shimo, ati mwanamke akikaribia kito kinakimbia. Nikawa nakaa chini ya mbuyu na chupa yangu ya chai na mizani. Jioni walinijia wenyewe, kwa sababu nililipa taslimu siku hiyo hiyo na sikuwapunja uzito. Mwanamke aliyeifanya kazi hii akabaki na makopo matatu asiyoyauza, alijua anachokiweka.

Sasa tafuta daftari. Nambari haziandikwi bure. Jiwe lisilojulikana limechimbwa wapi, mkusanyaji hulitazama mara moja akalirudisha mezani. Usiyaoshe, usibandue plasta, usichanganye makopo. Dalali mwambie akuonyeshe leseni yake, sheria ya madini ya 2016 inamtaka awe nayo. Tena hayo ni mirathi: warithi wote wakae kwanza, wasipoelewana Kadhi yupo.

BintiWaLikoni
Allah akulipe mama. Kidole kimetoka cheusi tititi. Na daftari nimelipata, lilikuwa kwenye droo ya cherehani! Nambari 14 ameandika: "Kijani. Kasigau. Mvua za vuli. Haliuzwi." Nimewasomea kaka zangu, yule mkubwa amenyamaza kimya, halafu akairudisha nyundo kwa jirani. Lakini nambari 31 ameandika neno moja tu, "Mangare". Ni jekundu, zito, lina pembe sita.

MamaVito
Mangare ndiko kwenye yakuti, na pembe sita ndilo umbo lake. Usimwachie mtu alipeleke kupikwa, wapo wanaoyapika yakuti ili rangi ing'ae, na likishapita motoni si lile tena. Lirudishe kwenye pamba yake. Jumamosi navuka feri, nitakuja na lenzi.