Mjadala: Migahawa ya kahawa inatukaangia au inatuunguzia?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo linanikera muda mrefu, nimeona nililete hapa tulichambue bila kutukanana.

Kahawa nyingi za migahawani hapa mjini zimeungua. Sisemi huduma mbovu wala bei, hayo tutayafikia. Nasema punje zenyewe. Juzi nilikaa kaunta kwenye mgahawa mmoja, jina nalihifadhi. Mbele yangu kuna mtungi wa kioo umejaa kahawa iliyokaangwa, jua la saa nane linaupiga kupitia dirishani. Punje nyeusi tii, zinang'aa mafuta, hadi kioo kimeshika utando kwa ndani. Nikamwomba kijana wa mashine anipe mbili, nikazitafuna. Majivu matupu. Namuuliza ya wapi hii? "Kilimanjaro, AA." Imekaangwa lini? Akacheka, akaniuliza kama mimi ni bwana afya.

Jamani, arabika ya mlimani ina sifa yake. Wamisionari waliipanda kijijini Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, na leo Wajapani wanaijua vizuri kuliko sisi: huko jina Kilimanjaro linabandikwa kwenye arabika ya Tanzania karibu yote, hata iliyotoka Mbinga au Mbozi. Wanacholipia ni harufu yake na ule uchachu safi. Ukiikaanga mpaka itoe mafuta, harufu imekwenda na uchachu umekwenda, umebaki uchungu ambao ungeupata kwa kahawa ya daraja lolote. Ni sawa na kununua sarara ukaibabua mpaka ikawa mkaa, halafu ukamtoza mgeni bei ya sarara.

Hoja yangu ni hii: mgahawa unaouza kikombe kwa 7,000 uwajibike kumwambia mteja kahawa imetoka wapi, imekaangwa lini na imeivishwa kiasi gani. Wenye hoja tofauti karibuni.

Kijiwe cha Magomeni

Yaani umelipa elfu saba ndipo ukagundua kahawa ni chungu? Mkuu, kahawa ni chungu! Hapa kwetu mzee anakaanga mwenyewe, anatwanga kwenye kinu, ikifika alasiri birika liko juu ya mkaa. Kikombe 200, kashata ya karanga 200, siasa na mpira bure. Sijawahi kumsikia mtu akiulizia uchachu. Ikiwa chachu tunaimwaga.

Dada wa Mikocheni

Mleta mada nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe. Mimi nakunywa late, na wanawake wenzangu wengi ninaokaa nao wanakunywa late au kapuchino. Kahawa iliyokaangwa kidogo ukiimwagia maziwa inapotea kabisa, unakunywa maziwa ya moto. Nataka niisikie kahawa ndani ya maziwa. Sasa mgahawa ukaange kwa ajili yako mmoja unayekunywa nyeusi bila sukari, au kwa ajili yetu tunaojaza meza?

Mkaangaji (Arusha)

Wakuu naomba nafasi, maana hii ndiyo kazi yangu.

Kwanza tuondoe jambo moja mezani. AA haisemi lolote kuhusu ladha. AA ni ukubwa wa punje. Kahawa ikishakobolewa kiwandani inapitishwa kwenye machujio yenye matundu. Inayobaki juu ya tundu la karibu milimita 7 ndiyo AA, zinazofuata A, B, C, na zile za mviringo zinazoota moja moja ndani ya tunda zinatengwa kama PB. Unaweza kuwa na AA iliyovundishwa vibaya ikanuka, na B iliyooshwa vizuri ikakutoa machozi ya furaha. Kwa hiyo kijana akikwambia "AA" amekujibu swali ambalo hukuliuliza.

Pili, kukaanga. Kahawa ikifika karibu nyuzi 200 za Selsiasi inalia, unaisikia kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Ukiitoa hapo au muda mfupi baadaye, rangi ni ya hudhurungi, punje kavu, uchachu upo na utamu umeanza kuja. Ukiendelea, karibu na 225 inalia tena, safari hii mlio mwembamba wa haraka, na mafuta yanaanza kutoka nje. Kuanzia hapo unachoonja ni moto wa mkaangaji zaidi kuliko shamba la mkulima. Na mafuta yakishakuwa nje ya punje yanakutana na hewa, yanachacha. Mtungi wa kioo juani unamaliza kazi.

Dada wa Mikocheni ana haki lakini si haki yote. Kwa maziwa unahitaji kahawa iliyoiva zaidi ya ile ya kuchuja, kweli. Inatosha kuisogeza mbele ya mlio wa kwanza na kuitoa kabla ya ule wa pili. Hapo utaisikia vizuri ndani ya maziwa na majivu hutayaonja.

Mbona basi wengi tunaunguza? Nitasema bila kuficha. Ukikaanga hadi nyeusi, makosa yote yanafichika: punje changa, punje zilizotobolewa na wadudu, mzigo wa mwaka juzi. Vilevile kila mzigo unafanana na uliopita, na mgahawa hautaki mteja aulize "mbona leo ladha tofauti?" Halafu kuna umeme. Pipa la kukaangia linazungushwa na mota. Umeme ukikatika dakika ya tisa, pipa linasimama, punje zilizogusa chuma zinababuka madoa meusi upande mmoja. Ama uzitoe kwa mkono haraka uzipooze, ama ukiwa na tamaa usubiri umeme urudi uendelee kukaanga hadi zote ziwe nyeusi, doa lisionekane. Nimeona watu wakifanya hivyo.

Kijiwe cha Magomeni

Ahsante kwa somo mkuu. Kumbe mzee wetu na jiko lake la mkaa hana tatizo la umeme 😂

Bukoba Kwetu

Naona mnajadili kana kwamba kahawa iliingia nchi hii na padri pale Kilema. Robusta, ile aina nyingine ya kahawa mbali na arabika, ilikuwepo kwetu Kagera kabla ya mmisionari yeyote. Mhaya anachemsha matunda mabichi na majani yenye harufu, anayakausha, mgeni akifika anakaribishwa kwa kutafuna. Watu walichanjiana damu na kuwa ndugu kwa punje hiyo. Hakukuwa na mashine, wala mlio wa kwanza na wa pili.

Sasa hoja. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina uzito mdomoni, na povu lile la juu ya espreso, kahawa nzito ya mashine, linashika vizuri ikiwemo robusta. Kahawa hii inastahimili moto. Kinachoniuma, migahawa ya Dar wanaichanganya kimyakimya kupunguza gharama halafu ubaoni wanaandika "Kilimanjaro". Mleta mada akionja uchungu anasema imeungua. Huenda haikuungua, huenda alikuwa anakunywa ya kwetu bila kutambulishwa. Iandikeni! Robusta safi ya Karagwe, iliyochumwa ikiwa nyekundu na kuanikwa juu ya chanja badala ya chini, haina haja ya kujificha nyuma ya mlima wa mtu.

Mleta mada

Bukoba, hapo umeniongezea hoja wala hujanipinga. Mchanganyiko sio kosa. Kosa ni ubao kusema uongo.

Mswahili wa Maskati

Salaam aleikum ndugu zangu. Niwape ya huku. Wapo wanaoona kukaanga kidogo ni mambo ya Wazungu wa siku hizi. Saudia, hasa Najd, kahawa inakaangwa kidogo mno, ikimiminwa ina rangi ya njano, na wameinywa hivyo miaka na miaka. Hapa Oman tunaikoleza zaidi ya hapo, hiliki ndani yake, pengine zafarani au maji ya waridi, finjani ndogo, sukari hakuna. Utamu unatoka kwenye tende. Nilipokuwa mdogo Unguja tulikuwa na kahawa ya tangawizi barazani, chungu kwelikweli, na kashata pembeni. Zote mbili nazipenda. Ila angalieni: kila mahali uchungu umewekewa mwenzake, tende au kashata. Mgahawa unakupa kahawa nyeusi chungu peke yake na biskuti moja kavu kwenye karatasi, lazima ulalamike.

Mkenya Jirani

Sisi Nairobi tulipitia mjadala huu. Mgahawa wa Java House ulipofunguliwa 1999 watu wengi mjini walikuwa wakijua chai na kahawa ya unga ya mkebe tu, na mpaka leo nyumbani Mkenya hunywa chai. Kahawa yetu ya Nyeri na Kirinyaga, hizi aina za SL28 na SL34, ina uchachu mkali unaofanana na matunda, na mnunuzi wa ng'ambo huilipia vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Mpe mjomba wangu kule Nyeri, mkulima mwenyewe, atakuuliza kama imeharibika. Kwa hivyo nauliza: nani hasa ana haki ya kusema ladha sahihi ni ipi?

Mkulima wa Marangu

Swali zuri hilo la jirani. Mimi nina mibuni chini ya migomba kama baba yangu alivyokuwa nayo. Watalii wakija naikaanga kwenye chungu juu ya kuni, wanatwanga wakiimba, wanakunywa, wanapiga picha. Wote wanasifu. Naikaanga nyeusi kwa sababu moto wa kuni haushikiki, ukichelewa kidogo tayari. Hakuna aliyewahi kuniambia imeungua.

Ila hapo mjini mnabishana ladha, mimi nataka kujua kwenye hiyo 7,000 kuna shilingi ngapi ya kahawa.

Mkaangaji (Arusha)

Mzee, hesabu hiyo naiweza. Espreso maradufu inakula kama gramu 18. Kilo moja iliyokaangwa inatoa vikombe 55 hivi. Mimi nawauzia migahawa kilo kwa 35,000, kwa hiyo kahawa iliyomo ndani ya kikombe haifiki 650. Wakinunua mzigo bora wa 50,000, inakuwa kama 900. Tofauti ya kunywa majivu na kunywa kahawa ni kama 270 kwa kikombe. Kikombe cha kubebea na mfuniko wake vinakaribia hapo.

Na mkumbuke kukaanga kunapunguza uzito. Kilo ya buni inabaki kama gramu 850 nikiitoa mapema, ikikolea sana inashuka hadi 800. Kwa hiyo mwenye kuunguza anajipunja mwenyewe kwenye mizani.

Mwenye Mgahawa

Nimesoma kimya, sasa niseme. Hesabu ya gramu 18 ni tamu ukiwa hulipi pango la Dar. Mashine ya espreso ni mamilioni, jenereta, maziwa, mishahara, leseni, kodi. Kahawa ndiyo gharama ndogo kuliko zote, nakubali, na ndiyo maana sikuwa nimeipa kipaumbele. Kosa la kawaida kwa sisi wenye biashara.

Lakini nimejaribu mnachokisema. Nilileta kahawa ya Mbozi iliyokaangwa kidogo. Wateja wakairudisha: "hii imechacha", "hii haijaiva", mmoja akasema nimechanganya limau. Mteja anayerudisha kikombe harudi kesho. Aliyeunguziwa anatia vijiko vitatu vya sukari na kesho yupo. Nifuate nani?

Pia hakuna aliyetaja maji. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi. Kahawa yoyote ukiitengeneza kwa maji hayo inakuwa butu, ile ya kukaangwa kidogo ndiyo inaharibika zaidi. Inabidi ununue chujio la maji, tena ni hela.

Dada wa Mikocheni

Angalau amesema kweli. Na ninaongeza: mletee mteja vikombe viwili vidogo aonje, umweleze. Mimi sijawahi kupewa nafasi ya kuonja, nimepewa ubao wenye majina ya Kitaliano.

Mleta mada

Naona tunasogea. Mwenye Mgahawa, sikutaki ubadilishe ladha ya wateja wako. Endelea kukoleza kama ndiyo inayolipa. Naomba vitu viwili tu: ubaoni andika ukweli, kama kuna robusta ya Kagera sema, na tarehe ya kukaangwa ionekane. Mkaangaji, kahawa inakaa muda gani ikiwa kwenye mfuko?

Mkaangaji (Arusha)

Siku za mwanzo inatoa hewa, ukiisaga siku hiyo hiyo espreso inatoka povu tupu, kwa hiyo iache wiki hivi. Baada ya hapo kwenye mfuko mzuri uliofungwa, wenye kile kitundu cha kutolea hewa, mwezi mmoja bado iko vizuri. Ikishasagwa, dakika tu. Mzigo wangu unaofuata nitabandika tarehe kila mfuko, hilo ni rahisi. Shida ni kwamba mgahawa wanamimina kwenye mtungi wa kioo na mfuko unakwenda jalalani na tarehe yake.

Kijiwe cha Magomeni

Mtungi ndio adui wa taifa.

Mwenye Mgahawa

Mtungi hauondoki. Watu wakiuona kutoka barabarani ndio wanaingia. Nitaujaza punje za pambo, za kusaga zikae kabatini ndani ya mfuko wake. Tarehe nitaiandika kwa chaki chini ya bei. Na huyo mleta mada akija, nitamtambua kwa kutafuna.