Wasahihishaji wa hadithi mtuache jamani, si kila mhusika ni mgonjwa!!

Wakuu salaam. Leo nina hasira na sitaificha. Nimerudishiwa hadithi yangu kutoka semina moja ya uandishi hapa Kampala, na pembeni mwa kurasa wameandika kitu kilekile tena na tena, eti mhusika ana "mshikamano wa kukwepa" (yaani anajiweka mbali na mzazi kana kwamba hamhitaji), eti nionyeshe jeraha la utotoni, eti bila hilo jeraha mhusika haeleweki. Banange!

Sikieni hadithi yenyewe. Binti wa miaka 14 analelewa na jjajja yake, yaani bibi yake, huko Masaka, mama yake alienda Dubai kufanya kazi za ndani. Siku mama anarudi, binti yuko nyuma ya jiko anamenya matooke, ndizi za kupika. Hakimbii kumkumbatia mtu. Anamaliza lile alilolishika, anahangaika kutoa utomvu mikononi, anaingia ndani anatoka na mkeka mpya, ule wa wageni, anamtandikia mama yake, anapiga magoti anamsalimia. Nimeishia hapo makusudi. Aliyekulia Buganda akifika kwenye huo mkeka anajua kabisa mama kapokelewa kama nani nyumbani kwake mwenyewe. Msahihishaji kaupita mkeka kama haupo, kaenda kumtafutia mtoto ugonjwa.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: hiyo nadharia anayonipigia nayo, ya mshikamano wa mtoto na mzazi wake, imeanzia hapahapa kwetu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Kampala 1954, akafanya kazi chini ya taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, akawa anazunguka vijiji vya karibu na mji akiwa na mkalimani, anakaa na akina mama wa Kiganda saa nzima, saa mbili, anaangalia tu mtoto anavyotambaa kwenda mbali alafu anarudi kumgusa mama kisha anaondoka tena. Familia 26. Kitabu chake kikatoka 1967. Na moja ya vitu alivyoona ni kwamba wale akina mama waliojua kueleza mambo madogomadogo ya watoto wao, mtoto anapenda nini, analia vipi, ndo watoto wao walikuwa wametulia zaidi. Mambo madogomadogo! Mwenye nadharia alikaa chini akaangalia, sasa wewe unayeitumia umeshindwa kuona mkeka? Alafu hilo neno "kukwepa" limetokana na kazi Ainsworth aliyoifanya baadaye kule Baltimore, Marekani, watoto wa kama mwaka mmoja wanaachwa kidogo kwenye chumba kigeni na kuangaliwa mama akirudi wanafanyaje. Mwaka mmoja. Binti yangu ana miaka 14 na ana jjajja aliyemlea vizuri, mnamvalisha nguo ya kichanga kwa nini?

Siku ya semina pia kuna jambo niliuliza nikaambiwa tutaongea baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Mwezeshaji alisimama akatuambia mwandishi Stevenson "alitumia" idi, ego na supaego (tamaa, nafsi na dhamiri ndani ya mtu) za Freud, yule daktari wa mambo ya akili, kuwaunda Jekyll na Hyde, mtu mmoja mwenye sura mbili, njema na ovu. Alitumia vipi? Hadithi ya Jekyll imetoka 1886, mwaka huohuo Freud ndo kwanza anafungua kliniki yake Vienna, na hayo mambo ya idi na ego kayaandika 1923. Mtu kaandika miaka 37 kabla! Na hata Oedipus, yule aliyemuua baba yake akamuoa mama yake bila kujua, Freud alimchukua kwenye tamthilia ya Sophocles, akamuunganisha na Hamlet wa Shakespeare, yaani wahusika ndo waliompa nadharia. Sasa ukichukua nadharia hiyo ukaenda kuthibitisha nayo kwamba Hamlet anamtaka mama yake, umethibitisha nini zaidi ya kuzunguka mti uleule?

Jung, mwanasaikolojia mwingine, naye alipita huku, 1925, kwenye miteremko ya mlima Elgon, anaongea Kiswahili cha kuokoteza, anawauliza wazee habari za ndoto. Mzee mmoja akamjibu kwamba tangu Waingereza waje hawaoti tena kwa sababu DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, anajua kila kitu. Nikisoma zile komenti zangu namfikiria huyo mzee, maana mhusika naye hawezi kuwa na la kwake, kuna mtu wa ofisini anajua kila kitu kumhusu kabla hajafungua mdomo.

Sisemi nadharia zitupwe. Ukimsoma Ocol, mume wa Lawino kwenye tenzi za Okot p'Bitek, anavyoona aibu na mambo ya Waacholi wenzake, alafu ukamsoma Fanon, daktari wa akili aliyeandika 1952 juu ya mtu mweusi anayetaka uso wa mzungu, utafaidi sana, kwa sababu unaanza na yale Ocol anayosema na Lawino anavyomjibu. Hapo kuna kazi. Ila kumbandika mtu "narsisti" (anayejipenda kupita kiasi) au "mkwepaji" bila kutaja hata sentensi moja aliyosema, hiyo ni uvivu, na inatulipisha ada ya semina.

Hadithi sibadilishi. Na kama msahihishaji yuko humu, na najua wengi wao wako humu, anitajie mstari gani kwenye hadithi yangu umemwonyesha ugonjwa. Mstari mmoja tu. Wengine mliorudishiwa kazi hivi pia wekeni hapa hizo komenti mlizoandikiwa neno kwa neno, majina msitaje, tuzione.