Uliwahi kujitolea ukiwa chuo? Tupeane uzoefu, ya kuchekesha na ya kuliza

Mdomo wa Bakuli
Wakuu za jioni. Leo nimefika nyumbani namkuta dada anadekia sebule na fulana ya bluu imepauka, naitazama vizuri mgongoni naona "NIMEJITOLEA". Aisee nilikumbuka mbali. Nikiwa mwaka wa pili, Dar, Jumamosi ya kusafisha ufukwe, tulipakiwa kwenye kosta alfajiri mpaka Coco Beach, tumeahidiwa chai, chai yenyewe ilifika saa saba mchana. Niliokota vizibo na mirija mpaka kiuno kikagoma, na siku ile ndo nikajua pampasi ikikaa baharini haiozi, inavimba tu kama mto wa kulalia. Cheti nilipewa sijui kiko wapi, imebaki hiyo fulana na sasa ni dekio. Haya wenye uzoefu fungukeni, mlijitolea wapi, mlipata nini, mliambulia nini. Nina mdogo wangu kaingia mwaka wa kwanza ananisumbua nimtafutie sehemu.

Kilo47
Mimi damu. Wale wa Damu Salama walikuja chuo na hema lao, nikapanga foleni kama saa nzima najiona shujaa, kufika kwenye mzani nasoma 47. Nesi akaniambia kwa upole "kaka nenda kale, ukifika 50 rudi". Waliokuwa nyuma yangu walicheka mpaka leo nawasikia. Hilo jina mnaloliona lilianzia pale pale.

Mpare wa Pwani
😂😂😂 na soda ukaikosa

Kilo47
Soda na biskuti nilipewa, walinihurumia. Ila sasa hivi nina 61, nimeshatoa mara nne, sisi wanaume ni kila baada ya miezi mitatu, akina dada minne.

Ticha Bila Chaki
Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi nilisoma takwimu, ualimu sijausomea hata siku moja. Likizo ndefu nikaenda kujitolea sekondari ya kata kule kwetu, hesabu na fizikia, na fizikia mwalimu hakuwepo kabisa tangu mwaka uanze. Kidato cha pili watoto tisini na kitu chumba kimoja, wa nyuma wamekaa dirishani. Siku ya kwanza nikauliza kipeuo cha pili cha 16, kimya, nusu saa nzima nimehangaika na kitu nilichodhani cha darasa la saba. Kuna binti mmoja daftari lake lilikuwa karatasi za mfuko wa saruji, amezikata zikalingana, kashona na uzi mweusi katikati, upande wenye maandishi ya kiwanda anafanyia hesabu za majaribio na upande msafi anaandika nilichoandika ubaoni. Nikanunua madaftari dazeni kwa hela ya boom, ile posho ya mkopo wa chuo, iliyobaki. Nauli niliyoahidiwa, elfu mbili kwa siku, sijaiona mpaka kesho. Siku naondoka wazazi wakanipa debe la mahindi na jogoo, konda akamkatia jogoo tiketi na hakumpa siti.

Hoja Nzito
Samahani wakuu ila huo ni utumwa wa kisomi. Nafasi ya mwalimu ipo wazi, badala ya kuajiriwa mtu anawekwa mtoto wa chuo kwa jogoo. Nyie mnaojitolea ndo mnafanya ajira zisitoke.

Ticha Bila Chaki
Ningekaa nyumbani ajira ingetoka?

Mkaguzi wa Mtaa
@Hoja Nzito wewe ulijitolea wapi?

Hoja Nzito
Popote sikujitolea na kazi ninayo.

Mkaguzi wa Mtaa
Ya mjomba au ya shangazi?

Hoja Nzito
Tusivunjiane heshima. Hoja ijibiwe kwa hoja.

Binti Mabegi
Wote mna haki. Mtu mwenye mkopo asilimia mia anaweza kujitolea miezi mitatu, sisi tuliokosa mkopo likizo ni ya kuuza vitumbua ili ada ipatikane. Mimi nilijitolea wodi ya watoto hospitali moja siitaji, kazi yangu ilikuwa kuwasomea hadithi, nikaishia kubeba mabeseni na kutumwa vocha na manesi. Ila kuna mtoto alikuwa ananisubiri mlangoni kila Jumatano, ile Jumatano nimefika kitanda kimetandikwa shuka jipya sikuuliza. Sikurudi tena.

Mpare wa Pwani
Pole sana dada.

Moshi wa Kweli
Acheni niwape yangu. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka. Nilikuwa chuo kimoja Moshi mjini, nasoma uhasibu, moto mkubwa niliowahi kuuzima ni wa jiko la mkaa. Ile Jumapili tarehe 11 moto ulianzia Whona, pale watalii wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo, usiku ukitoka nje ya hosteli unaona mstari mwekundu juu gizani kama mtu kachora na kalamu. Wakatafutwa vijana wa kuongeza nguvu, tukajikusanya saba. Wenzetu wa chuo cha wanyamapori Mweka walikuja na mabuti na wanajua wanachofanya, sisi kuna jamaa yetu alipanda na yeboyebo, vile viatu vya plastiki. Yeboyebo jamani, mlimani, kwenye moto.

Msitu ukaisha tukaingia kwenye vichaka vikavu. Gari la zimamoto halifiki kule, kwahiyo moto unaupiga na matawi mabichi, wengine wanafyeka mbele yake ili ukose cha kula. Unaupiga unalala, ukigeuka unakuta umeamka mgongoni kwako, kumbe chini ya majani ile mboji inaungua kimya kimya. Mgongo unaganda kwa baridi uso unaiva. Upepo ukageuka usiku, moshi ukatufunika, tunaitana majina tukahesabu tuko sita. Nilichosikia tumboni dakika zile siwezi kuandika. Tukamkuta amekaa chini ametulia anasema "mguu haunisikii", alikanyaga jivu likatitia mpaka kwenye kifundo, kiatu kimeyeyuka kimeshika kwenye nyayo. Tukambeba mgongoni kwa zamu mpaka kwenye gari, kuna mpagazi mtu mzima, jina lake hatukuuliza, alivua soksi zake za sufi akamvisha ule mguu mzima, yeye akaendelea na buti tupu. Cheti hatukuona. Nyumbani mama kuona kope zimeungua alinikimbiza na mwiko.

Mkaguzi wa Mtaa
Daaah!! Jamaa yuko wapi sasa?

Binti Mabegi
Mguu ulipona?

Moshi wa Kweli
Ulipona, ana kovu kama ramani ya Ziwa Tanganyika. Yuko benki. Yeboyebo bado anavaa.

Hoja Nzito
Mmeona? Hakuna bima, hakuna vifaa. Nilisema nini?

Mpare wa Pwani
Wewe nawe 🙄 mlima ungejizima?

Kisu Butu
Turudi kwa mdogo wa mleta mada. Asilipe hela ya usajili popote. Mimi nililipa 120,000 kwa taasisi siitaji, "safari ya kujitolea Zanzibar", nikafika bandarini na begi, simu yao haipatikani mpaka leo.

Ticha Bila Chaki
Inategemea. Mimi niliwahi kulipa elfu thelathini na safari ikawepo kweli, na chakula.

Mkaguzi wa Mtaa
Aanze Msalaba Mwekundu, wana ofisi mikoani, atafundishwa huduma ya kwanza kabla hajatumwa popote. Na asiende bila barua ya utambulisho ya mshauri wa wanafunzi.

Kilo47
Barua ya nini, aende kwa mtendaji wa kata aseme yupo. Mimi nilisubiri barua mpaka likizo ikaisha.

Hoja Nzito
Asome kwanza apate GPA.

Mdomo wa Bakuli
Nimemsomea dogo yote haya, eti anataka ya mlimani.

Moshi wa Kweli
Mnunulie buti.

Mpare wa Pwani
Ticha yule jogoo mlimla?