Simenti ya mifupa mguuni: huo utando mwili unajenga ni mwili kukataa ama?

Shiro_Donholm
Wadau habari zenu. Mdogo wangu aligongwa akiwa kwa boda hapo Outering, mfupa wa muundi ukavunjika vibaya hadi kipande kikatolewa kabisa. Wamemfunga vyuma vya nje na penye pengo wakajaza simenti ya mifupa iliyochanganywa na dawa. Sasa daktari anasema tungoje wiki 6 hadi 8 mwili uzungushie hiyo simenti utando, alafu wamfungue tena watoe simenti, utando ubaki. Mimi najua kitu kigeni kikiingia mwilini seli nyeupe zinapigana nacho, na mama ameshaanza kulia ati mwili wa kijana unakataa. Si huo utando ndio kukataa kwenyewe? Na mbona wanausubiri kama kitu kizuri? Foleni ilikuwa ndefu hatukupata nafasi ya kuuliza, mwenye anaelewa anieleze polepole.

Maabara_Ngara
Pole sana Shiro, na mwambie mama atulie. Figo ya mtu mwingine ikikataliwa ni kwa sababu ina seli zenye alama za kigeni na kinga inazitambua. Simenti haina seli, ni aina ya plastiki. Ikigusana na damu tu, ndani ya sekunde protini zinaifunika, albumini, faibrinojeni na nyingine, kwa hiyo seli za kinga haziguzi simenti yenyewe, zinagusa hizo protini na venye zimekaa hapo juu. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe, zinafika kwanza, zinakaa siku chache zinaisha. Kisha aina nyingine, makrofeji, na hizi ndizo zinaamua mambo. Kazi ya makrofeji ni kumeza bakteria na seli zilizokufa, lakini hiki kidude ni kikubwa kuishinda mbali sana, kwa hiyo zinaungana kadhaa zinakuwa seli moja jitu yenye viini vingi, na bado haimezeki. Hapo zinatoa kemikali za kuita faibroblasti, yaani seli za kujenga kovu, hizo nazo zinasuka nyuzi za kolajeni kuzunguka kitu chote. Huo ndio utando.

Kwa kifaa cha kupima sukari kinachokaa chini ya ngozi ukuta kama huo ni balaa, kinazibwa kinaanza kusoma vibaya. Kwa mguu wa mdogo wako ndio wanautaka. Daktari Mfaransa, Alain-Charles Masquelet, ndiye alianza kuutumia hivyo miaka ya 1980. Utando una mishipa mingi ya damu na unatoa vichocheo vya kukuza mishipa na mfupa. Wakitoa simenti unabaki kama mfuko, wanajaza vipande vya mfupa kutoka nyonga yake mwenyewe, wanashona. Bila huo mfuko mwili ungeweza kuvila hivyo vipande kabla havijashika.

fizio_wa_Kasarani
Maabara amesema vizuri. Naongeza tu kwamba mwili haujibu kila kitu kwa njia moja, inategemea umeweka nini na kimetengenezwaje. Chuma cha titani kwa mfano, daktari Brånemark wa Uswidi aliona kwa sungura mwaka 1952 mfupa umeshikana nayo hadi haitoki, na 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza meno ya kushikiliwa na titani. Ama wavu wa plastiki ya polipropilini wanaotumia kufunga ngiri, matundu yakiwa madogo sana kovu linaungana linakuwa gamba gumu, yakiwa makubwa linabaki laini. Plastiki ni ileile!

Pia makrofeji zenyewe hubadilika. Za mwanzo zinachochea uvimbe na kuua vijidudu, baadaye zinageuka kuwa za kujenga. Zikikwama kwa ule uvimbe wa mwanzo, kidonda hakisongi mbele, na maambukizi ni moja ya vitu vinavyozikwamisha.

Shiro_Donholm
Asanteni sana, hii nimemsomea mama yote. Sasa penye chuma kinaingilia kuna majimaji kidogo tangu juzi, ndio hizo makrofeji?

fizio_wa_Kasarani
Majimaji yanayoonekana kama maji tu, yasiyo na harufu, kidogo, hutokea sana penye vyuma. Lakini yakiwa usaha, ama yananuka, wekundu unaenea, homa inapanda ama maumivu yanazidi badala ya kupungua, mrudishe siku hiyohiyo msingoje tarehe ya kliniki. Bakteria wakishajishika kwa simenti ama kwa chuma wanajifunika utelezi wao, dawa na seli nyeupe zinawafikia kwa shida, na mara nyingi inabidi watoe ile simenti wasafishe waweke nyingine, wiki zinaanza kuhesabiwa upya. Na dada, huyo kijana anavuta sigara? Kama anavuta aache saa hii, sio akishapona, maana sigara inabana mishipa ya damu na mfupa unachelewa kushika.

Shiro_Donholm
Anavuta. Naongea naye leo jioni, na hayo majimaji nampigia picha kila asubuhi nilinganishe.