Bili za nyumba mbili kwenye programu moja: mnazipangaje?

Mama Lanet
Hamjambo wadau. Niko Nakuru, nauza nguo, na juzi nimeweka programu ya kufuatilia bili kwenye simu. Nalipia nyumba mbili, hapa Lanet na kwa wazazi Bungoma: kodi, maji, stima, takataka, intaneti, chama cha kila Jumatano, karo ya watoto wawili, na SHA, ile bima ya afya ya serikali. Nikizijaza zote kama za kila mwezi, jumla haifanani na pesa zinazotoka. Nikiipa kila moja ratiba yake, simu inalia kutwa. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Karani wa Milimani, Kisumu
Dadangu, tazama kwanza kila bili inavyodai. Kodi, takataka na intaneti hazibadiliki: weka kiasi kamili, zijirudie kila mwezi, basi. Maji hupanda na kushuka. Weka bili kubwa ya miezi ya karibuni, halafu ujumbe wa bili ukifika urekebishe ya mwezi huo peke yake. Programu ikikuuliza kama unabadilisha hii moja au zote zijazo, chagua hii moja.

Stima ya tokeni, ile unayolipia kabla ya kutumia, itoe kabisa kwenye bili. Haina tarehe, inaisha inapoisha. Itengee bajeti ya wiki na uandike shilingi, si yuniti, kwa sababu bei ya yuniti hubadilika mwezi hadi mwezi kufuatana na gharama ya mafuta ya kuzalishia stima na thamani ya shilingi.

Karo ni mihula mitatu, kwa hivyo ni bili tatu, kila moja ikijirudia kwa mwaka. Halafu fungua akiba ya kila mwezi ya kuzilisha. Hapo ndipo jumla yako itaanza kusema ukweli. SHA nayo, kwa sisi tuliojiajiri, hulipwa ya mwaka mzima: asilimia 2.75 ya mapato, isipungue 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kikumbusho kiwe mwezi mmoja kabla.

Jirani wa Kakamega
Usiweke bili yoyote tarehe 31. Kalenda nyingi za simu huruka mwezi usiokuwa nayo, na Februari hutasikia chochote.

Kijana wa Kondele
Mbona ujisumbue? M-Pesa Ratiba inalipa yenyewe siku ikifika.

Karani wa Milimani, Kisumu
Kwa kodi nakubali. Kwa maji hapana kabisa. Bomba likipasuka unataka kuiona ile bili kabla hujatoa hata shilingi.

Mama Lanet
Asanteni sana. Tokeni nimezitoa, na vikumbusho vya kila mwezi nimevipeleka vyote saa mbili usiku, nikishafunga duka. Je, mita ya Bungoma iko kwa jina la baba, kuna shida?

Jirani wa Kakamega
Hakuna. Kinachohitajika ni nambari ya mita. Iandike kwenye sehemu ya maelezo ya bajeti ya tokeni, ukianza na neno BUNGOMA, na siku ya kununua uinakili kutoka hapo badala ya kuiandika kwa kichwa. Ukikosea tarakimu moja, tokeni inaweza kutoka ya mita ya mtu mwingine. Zile tarakimu 20 za tokeni za kuingiza kwenye mita zikifika, mtumie mzee ujumbe wote jinsi ulivyo.